Msafiri Peke Yake: Amtegemea Mungu au Amjaribu?

Liko swali ambalo wazazi wengi siku hizi huulizana usiku, baada ya sala ya familia, watoto wadogo wakiisha kulala. Kijana wao amemaliza masomo, au amepata likizo ya kwanza ya kazi yake, naye amewaletea habari: ataka kusafiri. Haendi kwa mjomba, wala arusini, wala kutafuta kazi. Ataka kuvaa shanta mgongoni na kutembea peke yake, aione nchi. Akiulizwa atalala wapi, ajibu, "Pale nitakapofika." Akiulizwa atarudi lini, ajibu, "Nitakaporidhika." Baba hukasirika, mama hunyamaza. Na kijana, kwa kuwa amefundishwa dini vema, hutoa neno ambalo wazazi hawana jibu lake upesi: je, Injili haitufundishi tusiyasumbukie ya kesho?

Mtindo huu wa kusafiri si mgeni tena kwetu. Vijana wa Ulaya na Marekani wameuzoea miaka mingi. Wako wafikao hata Patagonia, kule ncha ya kusini ya Amerika penye barafu na upepo mkali, nao hawana ila shanta na ramani. Hapa pwani ya kaskazini twawaona wenzao kila mwaka. Hushuka basi Mombo, wakapanda Lushoto, wakatembea siku kadhaa katika milima ya Usambara mpaka Mtae, ambako mlima hukatika ghafula na nyika ikaonekana chini kama mkeka uliotandikwa. Au hutoka Tanga mjini wakashika njia ya kusini, kwenda Pangani na mbele yake. Sasa watoto wetu wenyewe wameanza kuuliza: ikiwa mgeni aliyetoka ng'ambo aweza kuiona Usambara kwa miguu yake, kwa nini mimi mwenye nchi nisiione? Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa hasira.

Basi na tulipime. Je, mtu aendaye peke yake, bila kujua hakika atalala wapi wala atarudi lini, amtegemea Mungu, au amjaribu Mungu? Mambo hayo mawili hufanana kwa nje kama ndugu pacha. Kwa ndani yapingana kabisa.

Yatupasa kwanza kutenganisha mpango uliolegezwa na ukosefu wa mpango. Watu wa Tanga hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano, maana jina la mji wao ni jina la kile kitambaa kikamatacho upepo. Nahodha wa zamani hakuweza kumwambia mtu, "Nitafika Jumanne saa nne." Alingoja kaskazi, ivumayo tangu Desemba hadi Machi, au alingoja kusi, ivumayo katikati ya mwaka, upepo ukitulia, alitulia nao. Mpango wake ulikuwa umelegea sana. Lakini hakung'oa nanga asijue majira, wala bila maji ya kunywa, wala bila kuijua miamba ya njia yake, wala pasipo mtu wa pwani kujua kwamba ameondoka na anaelekea wapi. Baharia hulegeza kamba ya tanga upepo unapozidi, lakini haiachi mkononi. Hapo ndipo penye tofauti yote.

Kijana asemaye kwamba Maandiko yako upande wake, hasemi uongo. Abrahamu aliitwa atoke katika nchi ya baba zake, akatoka asijue anakokwenda. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake bila mfuko wala fedha, wale watakachopewa katika nyumba itakayowapokea. Mtume Yakobo awakemea wafanya biashara wapangao kwamba mwaka huu watakuwa mji huu na mwaka ujao mji ule, hali hawajui hata maisha yao ya kesho. Naye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipokuwa Barcelona mwaka 1523 akijiandaa kwenda Nchi Takatifu, alishauriwa sana apate mwenzi wa safari, akakataa. Aliona kwamba akiwa na mwenzi, atamtazamia mwenzi huyo ampe chakula akiona njaa na amwinue akianguka. Naye alitaka tumaini hilo lote liwe kwa Mungu peke yake. Hata sarafu chache alizobaki nazo aliziacha juu ya benchi pale ufukoni kabla ya kupanda merikebu.

Mzazi naye asemaye kwamba Maandiko yako upande wake, hasemi uongo pia. Ni Bwana wetu yule yule aliyesema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Na shetani alipomweka juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka, Bwana alikataa. Malaika walikuwapo, na uwezo wao haukupungua. Lakini mwana hamlazimishi baba yake aonyeshe upendo kwa kujitia hatarini makusudi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliieleza dhambi hiyo kwa uwazi: amjaribu Mungu yule awezaye kujisaidia kwa njia za kibinadamu, akaziacha pasipo haja wala faida, akaingoja msaada wa mbinguni. Na alipoichambua fadhila ya busara, Mtakatifu huyo huyo aliweka ndani yake kuona mbele, na akaweka pia utayari wa kufundishika. Maana hapana mtu ajitoshelezaye katika mambo ya busara. Wazee wetu walisema jambo hilo kwa maneno matatu: kuuliza si ujinga.

Je, basi, Mtakatifu Inyasi alimjaribu Mungu? La hasha. Tazameni mwisho wa safari yake. Alipofika Yerusalemu alitaka kubaki huko maisha yake yote. Wafransisko, waliokabidhiwa mahali patakatifu, walimwambia aondoke, kwa kuwa wengine waliobaki kama yeye walitekwa au waliuawa, na shirika likalazimika kuwakomboa waliotekwa. Inyasi alitii, akaondoka. Alikuwa tayari kulala njaa kwa ajili ya tumaini lake. Aliposikia kwamba watu wengine wataweza kulipa fedha kwa ajili ya tumaini hilo, na kwamba wenye mamlaka ya Kanisa wamemkataza, alikubali neno lao. Hiki ndicho kipimo tunachotaka kuwapa wasomaji wetu katika makala haya. Usimwulize msafiri tu kama ana imani. Mwulize: mambo yakiharibika, ni nani atakayelipa?

Kipimo hiki si kigumu kukitumia. Kijana akikosa chakula cha jioni kwa kuwa hakupanga vema, alipaye ni yeye mwenyewe, na njaa hiyo itamfaa; mtembezi hula miguu yake. Akinyeshewa na mvua ya vuli katika vilima vya Lushoto, alipaye ni yeye. Lakini tuseme amefuata ufuko wa bahari kutoka Pangani kwenda kusini, amepita Ushongo na Mkwaja, akaona njia iliyo fupi ni kuambaa pwani hivyo hivyo. Mbele yake iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambamo simba na tembo wako karibu na bahari. Akiingia bila kibali wala kiongozi, ati kwa kuwa Mungu atamlinda, atakayetoka usiku na taa na bunduki kumtafuta ni askari wa hifadhi, mtu mwenye mke na watoto. Hapo kijana hakuuweka rehani uhai wake tu, bali na uhai wa baba wa watoto wengine, naye hata hakumwomba ruhusa.

Tunacho katika Biblia kitabu kizima cha safari, nacho ni Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti, kipofu, aliye uhamishoni Ninawi, amtuma mwanawe Tobia kwenda nchi ya Media kuchukua fedha iliyowekwa amana. Kijana haijui njia. Baba hamzuii, amwambia atafute mtu mwaminifu wa kwenda naye. Akapatikana mmoja aliyejiita Azaria. Mzee akamwuliza ukoo wake, akapatana naye ujira wa kila siku, akawabariki wote wawili. Mama akalia. Wakaondoka, na mbwa akawafuata. Tobia hakujua ya kuwa mwenzi wake ni Malaika Mkuu Rafaeli. Naye hakuhitaji kujua. Yaliyo wajibu wa mwanadamu yalikuwa yametimizwa: kuuliza, kupatana, kubarikiwa. Malaika aliipitia milango ile ile ya kawaida.

Jina la Malaika huyo limeandikwa katika habari za pwani yetu kwa namna ya kutufikirisha. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, akipita kwa mara ya kwanza kuelekea Mombasa, alikuwa na merikebu iliyoitwa São Rafael, yaani Mtakatifu Rafaeli, msimamizi wa wasafiri. Merikebu hiyo ndiyo iliyokwama juu ya fungu la mchanga mbele ya nchi yetu, karibu na Mtangata, pande za Tongoni ya leo, kilomita karibu 20 kusini mwa Tanga mjini. Wareno wakaliita fungu hilo, na milima waliyoiona ng'ambo ya nyika, kwa jina la Mtakatifu Rafaeli. Maji yalipojaa merikebu ilielea tena. Lakini waliporudi Januari 1499, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi, hawakutosha kuendesha vyombo vyote. São Rafael ikachomwa moto pale pale.

Twaweza kujifunza nini? Wareno hao walikuwa na marubani waliotolewa Msumbiji, lakini kati yao na marubani hao hapakuwa na kuaminiana. Siku chache kabla ya kukwama walikuwa wamempiga mmoja wao mijeledi. Walipofika Malindi, mfalme wa huko aliwapa rubani kwa hiari, na chini ya uongozi wake walivuka bahari wakafika Bara Hindi mwezi wa Mei. Jina la Malaika lilikuwa juu ya merikebu tangu mwanzo wa safari. Kilichokosekana ni lile tendo la mzee Tobiti: kumtafuta kiongozi mwaminifu, kumwuliza kwa heshima, kupatana naye kwa haki. Kuvaa medali ya mtakatifu shingoni ni jambo jema; lakini medali haijui fungu la mchanga lilipo. Mvuvi wa Tongoni alijua.

Sasa tuje kwenye neno "peke yake". Kusema kweli, sharti tulitilie shaka. Dkt. Livingstone husemwa kwamba katika miaka yake ya mwisho alisafiri peke yake. Hakuwapo Mzungu mwingine, ni kweli. Lakini alipofariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wako waliouhifadhi mwili wake na kuubeba mabegani zaidi ya kilomita 1,500: Chuma, Susi, Yakobo Wainwright na wenzao, wanaume kwa wanawake. Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukapokewa katika misioni ambayo Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868. Mtu asemwaye kuwa alikuwa peke yake alirudishwa baharini kwa mabega ya watu wengi. Vivyo hivyo kila msafiri. Asemaye, "Nilizunguka Usambara peke yangu," na amhesabu dereva aliyempandisha kutoka Mombo, na mama aliyemwuzia maharage njiani, na mtoto aliyemwonyesha njia ya mkato penye kahawa, na mzee aliyemwambia mto umejaa asivuke. Peke yake alikuwa katika picha tu.

Wahenga wa pwani walilijua jambo hili, wakasema: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Sultani akiwa safarini hana jiko, hana kisima, hana jirani, lazima aombe. Na hapa ndipo safari ya peke yake iwezapo kuwa shule ya Kikristo kuliko safari iliyopangwa kila saa na kulipiwa kila kitanda. Mtu aliyelipia yote mbele hakutani na fadhili. Hukutana na huduma. Lakini mtu afikaye kijijini jua linapokuchwa, akasimama mbali kidogo na mlango, akapiga hodi, huyo hujifunza kwa nusu saa mambo ambayo hakuyaelewa kwa miaka kumi ya mafundisho: kwamba yeye si kitu, na kwamba apokewa bure. Ndiyo sababu Mtakatifu Benedikto aliagiza katika Kanuni yake kwamba kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Na ndiyo sababu nyumba za mapadre na masista, katika milima ya Usambara kama penginepo, zimewapa malazi wapitaji wengi.

Lakini, kijana mpendwa, mfikirie pia yule aliye ndani ya mlango. Umefika katika kijiji cha wavuvi. Bahari ilichafuka siku mbili, samaki ni wachache. Mama mwenye nyumba amepika kiasi cha watoto wanne. Unapopiga hodi, hatasema hapana. Desturi na heshima yake hazimruhusu. Atakupa sahani iliyojaa, na wewe hutaona kwamba yeye amekula ukoko. Utaandika baadaye kwamba watu wa pwani ni wakarimu ajabu, na utakuwa umesema kweli. Lakini hukuuliza ukarimu huo ulitoka katika sahani ya nani. Hii ndiyo hatari ya mpango uliolegea, nayo ni kubwa kuliko simba: msafiri aweza kuwala maskini bila kujua. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Msafiri mwema haingoji siku ya tatu. Siku ya kwanza aulize kuni ziko wapi, ateke maji, abebe katika shanta yake sukari, majani ya chai na sabuni, atoe kwa siri kwa mama wa nyumba, asiwaaibishe wenyeji kwa kutupa fedha mbele za watu.

Tena akumbuke kwamba wenyeji wengi wa njia hii ni ndugu zetu Waislamu. Watampokea bila kumwuliza dini yake. Basi na yeye asile hadharani mchana wa Ramadhani, asipite kijijini nusu uchi kwa kuwa ametoka kuogelea, asiingie makaburini, penye nguzo za kale za Tongoni au penginepo, akakaa juu ya kaburi la mtu ili apigwe picha. Msafiri Mkatoliki aenda na jina la Kanisa mgongoni pamoja na shanta yake. Wenyeji hawatasema, "Fulani hana adabu," kwa maana jina lake hawalijui. Watasema, "Wakristo ndivyo walivyo."

Liko jambo moja zaidi, nalo kwetu laonekana ni kubwa kupita yote. Turudi kwa Tobia. Huko njiani mpango wake ulibadilika kabisa. Alitumwa fedha, akapata na mke. Aliyepaswa kurudi mapema alizuiliwa na arusi ya siku 14. Maandiko hayamlaumu kwa hilo. Baraka nyingi za Mungu huja kwa namna hiyo, nje ya mpango, na mtu aliyefunga kila siku yake kwa kufuli angeikosa baraka. Lakini arusi ilipokwisha, mkwewe alipomsihi akae zaidi, Tobia alikataa, akisema kwamba baba na mama yake wanamngoja. Na kweli, huko Ninawi mama yake alikuwa akitoka kila siku kuitazama njia ile aliyoishika mwanawe, na chakula hakikumpita kooni.

Huyu mama ndiye alipaye safari za watu wengi. Kijana hamwoni, kwa sababu yuko mbali. Yeye aogelea Ushongo, mama ahesabu siku. Pwani yetu ilijifunza jambo hili kwa uchungu usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba imejaa kupita kiasi, ilipozama katika mkondo wa Nungwi na mamia ya watu wakafa. Zaidi ya msiba wenyewe, wako waliokaa siku nyingi wakiulizana kama ndugu yao alipanda au hakupanda. Msiba unaojulikana huliliwa, ukazikwa, ukaombewa. Msiba usiojulikana haumalizi matanga.

Kwa hiyo twasema: mpango wa msafiri waweza kulegea katika yote, isipokuwa kuaga. Desturi za pwani zina hekima katika hili. Msafiri wa zamani hakuondoka kabla hajawaendea wazee akataka radhi, akalipa madeni au akayataja, akawaambia watu wake njia atakayoishika. Aliyeondoka bila kuaga hakuitwa msafiri, aliitwa mtoro. Siku hizi simu ya mkononi imelirahisisha jambo ambalo zamani lilidai barua na miezi. Mtu aweza kubadili njia mara tatu kwa siku, na kila mara akamwambia mmoja nyumbani: nimelala Rangwi, kesho natumaini kufika Mtae, nisiposikika mpaka keshokutwa ulizeni. Maneno hayo hayampunguzii uhuru hata kidogo. Asiyetaka kuyasema ajichunguze moyoni: je, anatafuta nchi, au anawakimbia watu?

Wazazi watauliza, "Na binti yetu je? Naye aende peke yake?" Hatutaki kuwadanganya: hatari zake ni nyingi zaidi, na aibu ya hatari hizo ni ya wale wanaozifanya, wala si ya binti aliye njiani. Lakini haifai kusema kwamba safari si ya wanawake. Bikira Maria alishika njia kwenda nchi ya milima, akaenda kwa haraka. Katika karne ya nne mwanamke Mkristo aitwaye Egeria alisafiri kutoka magharibi ya mbali mpaka Sinai na Yerusalemu, akaandika yote aliyoyaona kwa masista wenzake waliobaki nyumbani. Penye hatari alikubali kusindikizwa na askari. Palipokuwa salama aliwaaga na kuendelea. Mwanamke huyo aliyaunganisha yote tuliyoyasema: ujasiri, kufundishika, na kuwakumbuka wanaongoja. Binti wa leo akiwa na mambo hayo matatu, wazazi wakae naye wapange, wampatie majina ya parokia na jamaa walio njiani, kuliko kumfungia mlango naye akatoka kwa dirisha.

Maana tukubali, enyi wazazi, kwamba na sisi tunacho kipimo chetu. Yako makatazo yatokayo katika upendo, na yako yatokayo katika woga wetu wenyewe. Kijana asiyeruhusiwa kamwe kulala mahali pasipojulikana aweza kukua akidhani kwamba dunia yote ni adui, na kwamba Mungu yupo nyumbani tu. Mzee Tobiti alikuwa kipofu, alikuwa na mwana mmoja tu, alimhitaji kila siku, akamwachia. Wahenga nao walisema, mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nchi isiyotembelewa na vijana wake itaelezwa na wageni.

Basi, turudie kwa ufupi. Kusafiri peke yako si dhambi. Kuacha nafasi katika mpango wako ili Mungu aweke ndani yake yale usiyoyajua, hilo laweza kuwa sala. Lakini nafasi hiyo na iachwe katika mambo yako mwenyewe: tumbo lako, usingizi wako, starehe yako, saa zako. Usiiache katika usalama wa askari atakayekutafuta, wala katika chungu cha maskini atakayekupokea, wala katika moyo wa mama atazamaye njia. Amtegemeaye Mungu hulipa deni la tumaini lake mwenyewe. Amjaribuye Mungu huwaachia jirani walilipe.

Kijana akisimama mlangoni na shanta yake, ameaga, ametaka radhi, amesema njia yake, tusimzuie kwa machozi. Tumwekee mkono kichwani kama mzee Tobiti alivyofanya, tumkabidhi kwa Malaika Rafaeli, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 29 Septemba pamoja na Mikaeli na Gabrieli. Kisha tuingie ndani, tuendelee na kazi zetu. Na jioni, baada ya rozari, tukiitazama njia, tuitazame kwa matumaini. Maana aliyeaga ana njia ya kurudi.